Siku zikianza kuruka: namna ya kuupita ukomo wa hedhi kijijini

Mwanamke wa miaka 47 akikaa miezi mitatu bila kuona siku zake, kijijini anapewa majibu matatu kabla hajafika zahanati. Kwamba ameshika mimba ya uzeeni. Kwamba damu imegoma kutoka na sasa inajazana tumboni. Kwamba kuna mkono wa mtu. Akifika zahanati anaongezewa la nne: "Ni umri tu, mama," pamoja na vidonge vya maumivu vya siku tatu.

Hilo la nne ndilo tunaloliogopa zaidi. Ukomo wa hedhi si ugonjwa, ni kweli kabisa, lakini umri wa kukoma ndio ule ule ambao presha, kisukari, upungufu wa damu na saratani ya mlango wa kizazi huanza kubisha hodi, na vyote hivyo hujificha vizuri nyuma ya neno "umri". Mwongozo huu ni wa mwanamke mwenyewe, binti yake, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Kazi ya mwongozo ni kutenganisha lililo la ukomo na lisilo lake, kwa vitu vilivyopo kijijini.

Anza kwa kuhesabu

Hedhi ya mwisho haijulikani siku inapotoka. Hujulikana baadaye, kwa kutazama nyuma. Ikipita miezi 12 mfululizo bila tone la damu, na mwanamke hana mimba, hanyonyeshi wala hatumii dawa inayozuia damu, ndipo husemwa hedhi imekoma. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kabla yake kuna miaka kadhaa ya mpito ambayo siku zinaruka: mara zije baada ya siku 21, mara baada ya 50, mara miezi miwili kimya, kisha damu nyingi kuliko alivyozoea. Mayai yamebaki machache, mengine hayapevuki, na homoni ya estrojeni inapanda na kushuka ovyo kabla ya kutulia chini moja kwa moja.

Kwa anayesoma, kalenda ya ukutani inatosha. Piga X siku damu inapotoka, XX siku ya damu nyingi, na nukta usiku wa kuamka umelowa jasho. Hakuna haja ya kuandika zaidi ya hapo.

Kwa asiyesoma, tafuta kopo lenye kifuniko na kokoto. Kila mwezi unapoandama, tia kokoto moja. Damu ikitoka, hata tone, mwaga zote uanze upya. Zikifika 13, hedhi imekoma. Ni 13, si 12, kwa sababu miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 tu, pungufu ya mwaka kwa siku 11 hivi. Ndiyo sababu Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Kokoto ya 13 ikishaingia, funga kopo ulihifadhi. Kuanzia siku hiyo hakuna tena "kumwaga na kuanza upya". Damu yoyote itakayotoka baada ya hapo ni ya kupelekwa hospitali, na sababu tutaieleza.

Makosa ya kuhesabu ni mawili. La kwanza ni umri. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mtu husema "nina arobaini" kwa miaka kumi mfululizo. Uliza alizaliwa wakati wa nini. Aliyezaliwa Operesheni Vijiji ilipokuwa inahamisha watu, katikati ya miaka ya 1970, au Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ameshaingia umri huu. Lakini ikibainika hana hata miaka 45 na hedhi imekatika, asiambiwe ni kukoma kwa kawaida, na kama hajafika 40 ndio kabisa. Huyo anahitaji kupimwa, maana kukosa estrojeni mapema hivyo huharibu mifupa na moyo.

La pili ni uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu na vijiti vya mkononi huweza kukausha damu kabisa bila hedhi kuwa imekoma. Anayetumia asihesabu kokoto. Akiacha sindano, siku zake zaweza kuchukua mwaka na zaidi kurudi, kwa hiyo akifika miaka 50 na bado anachoma, azungumze na muuguzi kuhusu kubadilisha njia.

Usiache kuzuia mimba mapema

Siku zinazoruka hazimaanishi mayai yamekwisha. Yai moja likipevuka mwezi ambao hakulitarajia, mimba inaingia, na mimba ya miaka 46 ina hatari zaidi ya presha, kisukari na kuharibika. Kwa hiyo mwanamke aliye chini ya miaka 50 aendelee kujikinga miaka 2 baada ya damu ya mwisho. Aliyevuka 50, mwaka 1. Kitanzi cha shaba kilichowekwa baada ya miaka 40 kwa kawaida huweza kubaki hadi ukomo, kisha kitolewe. Wengi hukisahau, kisisahauliwe.

Damu ikichelewa wiki 6 na bado analala na mume, pima mimba kwanza. Kipimo cha mkojo kinauzwa duka la dawa muhimu. Tumia mkojo wa asubuhi. Kikionyesha hana, rudia baada ya wiki moja. Ni kazi ya dakika tano, na inafuta uvumi wa mwezi mzima.

Damu: hapa usikosee

Katika miaka ya mpito damu nyingi hutokea sana, lakini kutokea sana hakuifanyi iwe salama. Dalili za kwenda kituoni siku hiyo hiyo ni hizi: pedi nzito, au kipande cha kanga kilichokunjwa, kinalowa chote ndani ya saa moja, na saa inayofuata hivyo hivyo, mabonge makubwa yanatoka, kizunguzungu akisimama, moyo unakwenda mbio akipanda kilima kidogo tu. Damu inayozidi siku 7, au inayorudi katikati ya mwezi, au inayotoka baada ya tendo la ndoa, isingoje mwezi ujao.

Anayevuja hivyo kwa miezi hupungukiwa damu polepole na mwili unazoea, hata yeye hajui kwamba anaumwa. Vuta chini kope la jicho uangalie ndani: wekundu uliofifia hadi kuwa mweupe ni ishara. Ishara nyingine ni hamu ya kula udongo. Udongo hauongezi damu, tena huzuia madini ya chuma kuingia mwilini na huleta minyoo. Kituoni aombe kupimwa wingi wa damu. Chini ya 12 ni pungufu. Chini ya 8 ni hatari na inataka hospitali. Akipewa vidonge vya kuongeza damu, choo kitakuwa cheusi, asishtuke. Avimeze pamoja na chungwa au embe, si pamoja na chai. Chai ya rangi na ya maziwa zote huzuia chuma, kwa hiyo ziachane na kidonge na mlo walau kwa saa moja.

Sasa ile damu ya baada ya kokoto ya 13. Baadhi ya bibi huifurahia: "Nimerudi ujana." Wengine huifanya siri. Mara nyingi sababu ni ndogo, kama ngozi ya uke iliyokonda ikachubuka au kinyama kisicho na madhara. Lakini saratani ya kizazi na ya mlango wa kizazi hujitangaza kwa damu hiyo hiyo, hata kama ni doa moja la rangi ya chai kwenye nguo ya ndani, na hata kama haiumi. Haiumi ndiyo hila yake. Asingoje doa la pili. Majimaji yenye harufu mbaya yanayotoka kila siku nayo yahesabiwe pamoja na damu.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake Tanzania, na inazuilika ikikutwa mapema. Kipimo cha siki, ambacho mhudumu hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama panageuka peupe, hufanya kazi vizuri kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Baada ya kukoma kina kasoro: eneo la kutazamwa hujivuta ndani lisionekane lote. Kwa hiyo mama wa miaka 55 akiambiwa "hatuoni kitu", aulize: hamwoni tatizo, au hamwoni eneo lenyewe? Kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, hakina shida hiyo, na mahali kinapopatikana mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, pembeni ya pazia, bila mtu kumtazama. Kwa wanaoishi na VVU uchunguzi huanza mapema zaidi na hurudiwa mara nyingi zaidi.

Joto la ghafla, na mambo yanayofanana nalo

Linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, jasho linatoka, kisha mwili unapoa hadi baridi. Huchukua dakika 1 hadi 5. Ubongo una sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni ikipungua, sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka, joto kidogo tu inalihesabu kuwa moto na kufungua jasho. Kwa wengi hali hii hudumu miaka kadhaa, kwa wengine inapita 10. Wengine hawaipati kabisa, na hiyo nayo ni kawaida.

Shida ya kijijini ni kwamba joto na jasho vina majina mengine. Malaria inaongoza: mama anatokwa jasho, anameza dawa ya mseto bila kupima, joto linapita lenyewe kama ambavyo lingepita, na wiki ijayo anameza tena. Kinachotenganisha ni kipimajoto. Weka kwapani joto likiwa limepanda. Ukomo haupeleki mwili kwenye nyuzi 38. Ukiona 37.5 au zaidi, hiyo ni homa, kapime malaria kwa kipimo cha haraka. Jasho la usiku likifuatana na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kupungua uzito au kukosa hamu ya kula, peleka makohozi yapimwe kifua kikuu. Hajawahi kupima VVU, apime. Wanawake wa miaka 50 hupitwa kwa sababu watoa huduma hudhani hawahusiki. Mikono inayotetemeka, moyo wa mbio mchana kutwa na uvimbe shingoni ni vya tezi, si vya kukoma.

Likishajulikana kuwa ni lenyewe, tandika kitanda upya. Juu ya godoro weka kanga ya pamba iliyokunjwa mara mbili, ukiilalia. Ya pili, kavu, iwe karibu na mto. Kikombe cha maji ya mtungini kiwe kwenye kigoda pembeni. Joto likianza, usingoje likomae: kaa, kunywa maji, pumua polepole hesabu ya tano kuvuta na tano kutoa, likiisha toa kanga iliyolowa uweke kavu. Ukifanya hivyo gizani bila kuwasha taa, usingizi unarudi upesi. Nguo ya nailoni na blanketi la sintetiki viache msimu huu.

Kisha chandarua. Wengi huivua kwa sababu ya joto, na kwa hiyo wanapata malaria ya kweli. Ivutwe juu zaidi, itundikwe kwa kamba ndefu ili hewa ipite, na kitanda kisogezwe karibu na dirisha. Anayelala mkekani aichomeke chini ya mkeka pande zote nne.

Kwa wiki moja tazama kinachochokoza: chai ya moto sana, pilipili, pombe, kukaa juu ya moto wa kuni mchana. Hakuna haja ya kuacha vyote, acha kile kinachokuchokoza wewe. Soya na dawa za majani husifiwa sana. Soya kama chakula ni salama na huenda ikasaidia kidogo. Unga wa majani usiojulikana una nini ndani, hasa ule unaouzwa "kurudisha hedhi", usiutumie. Wala usinunue vidonge vya majira kwa ajili hiyo. Vina estrojeni ya kutosha kurudisha damu, na vinatosha pia kugandisha damu mguuni au kuleta kiharusi kwa mama wa miaka 50 mwenye presha asiyoijua.

Yanayosemwa na wazee

Mhudumu anayeanza kwa kusema "hizo ni imani potofu" amekwisha kufunga mlango. Sikiliza kwanza, kisha chagua.

Damu kujazana tumboni ni hofu iliyo kubwa kuliko zote, na ina mantiki yake: kilichokuwa kinatoka kila mwezi sasa hakitoki, kimekwenda wapi? Jibu linaloeleweka ni hili. Kila mwezi kizazi kilikuwa kinatandika kitanda cha mgeni. Mgeni asipokuja, shuka zinatolewa nje, ndiyo hedhi. Sasa hakitandiki tena, kwa hiyo hakuna shuka iliyobaki ndani. Lakini tumbo likiwa linakua kweli, usimtulize kwa mfano huo. Linaweza kuwa uvimbe wa kizazi, au wa kifuko cha mayai, ambao ni hatari zaidi. Uvimbe wa kizazi kwa kawaida hunywea baada ya kukoma. Unaokua baada ya kukoma unataka kupigwa picha ya ultrasaundi.

Wapo wasemao mwanamke aliyekoma, au ambaye binti yake ameshaanza kuzaa, aachane na kitanda cha mume. Akiendelea ataugua, au atawadhuru wajukuu. Ugonjwa wa namna hiyo haupo. Mwanamke anayetaka kupumzika kwa hiari yake ana haki hiyo, na mila inampa njia ya heshima ya kulisema. Asiyetaka, asilazimishwe na majirani. Mara nyingi mume huoa mwingine kwa kudhani mke ameishiwa hamu, wakati kilichopo ni maumivu yanayotibika ambayo hakuna aliyeyataja.

Pwani na kwa Waislamu kote, kukoma kunabadilisha hesabu za ibada. Swala na funga haziachwi tena siku yoyote kwa ajili ya hedhi. Edda, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, ikiwa ya talaka kwa asiyeona tena hedhi huhesabiwa miezi 3 badala ya twahara. Ya kufiwa inabaki miezi 4 na siku 10. Kwa hiyo mwanamke aliyeweka kalenda yake vizuri anamrahisishia shehe kazi. Na damu ikitoka baada ya miaka, swali la kama aswali au asiswali aulize kwa mwenye elimu, lakini asingoje jibu hilo ndipo aende hospitali.

Lipo linaloua waziwazi. Katika maeneo ya Usukuma, vikongwe wenye macho mekundu wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Wekundu huo unatokana na miaka ya kupikia moto wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha. Bibi asiyelala kwa sababu ya joto, anayetoka nje saa nane za usiku kutafuta upepo, yuko kwenye hatari ya kuonekana "anatembea usiku". Familia ijue kwa nini anatoka, na ilitamke mbele za watu. Toboa dirisha jikoni. Hayo mawili yana thamani kuliko hotuba.

Mila pia ina mema ya kushikwa. Sehemu nyingi aliyekoma hupanda cheo: huwa kungwi au somo, huamua ugomvi, huingia asikoruhusiwa anayeona siku zake. Kwa Wahadza wa Ziwa Eyasi, watafiti akiwemo Kristen Hawkes, tangu miaka ya 1980, waliona kuwa bibi waliokoma kuzaa walichimba mizizi kwa saa nyingi na kuwalisha wajukuu, hasa mama zao walipokuwa na vichanga. Kutokana na hapo ikatoka hoja kwamba mwanadamu huishi miaka mingi baada ya uzazi kwa sababu bibi anaokoa watoto. Mama anayelia kwamba "kazi yangu imekwisha" aelezwe hili kwa lugha yake.

Na akilia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, halali usingizi, hali chakula, au anasema bora afe, hiyo si hasira ya kukoma. Ni sonona. Inatibika, na asiachwe peke yake.

Ukavu, na vitu visivyoingizwa ukeni

Joto huisha lenyewe. Ukavu hauishi, huongezeka. Ngozi ya uke hukonda, majimaji hupungua, tendo linachoma, mkojo unawasha. Jambo la kwanza ni kuacha yanayozidisha: sabuni ndani, maji ya ndimu, shabu, ugoro, na vidonge vya majani vya "kubana". Shabu hubana kwa kukausha na kuchubua, na mchubuko ni mlango wa VVU na magonjwa mengine. Osha nje kwa maji matupu, basi.

La pili ni kilainishi cha maji kutoka duka la dawa, kipakwe na mume na mke kila mara. Mafuta ya nazi yasiyotiwa manukato huweza kutumika nje na mlangoni, isipokuwa kwa wanaotumia kondomu, kwani mafuta huipasua kondomu ya mpira ndani ya dakika chache. Na kondomu bado inahitajika palipo na shaka; mimba haipo, lakini virusi vipo, na ngozi iliyokonda inapasuka kwa urahisi.

La tatu ni krimu au kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni, kwa maagizo ya daktari. Dozi ni ndogo na sehemu kubwa hubaki pale pale, kwa hiyo wengi wasiofaa homoni za kumeza huweza kukitumia. Matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa, si siku mbili.

Kumwambia mume: mara nyingi ni rahisi somo, shangazi au wifi mkubwa apeleke neno, kwa maneno mafupi. "Baba Asha, mwenzio haumwi wala hakuchoki. Mwili umekauka, anaumia. Kuna dawa, mwende pamoja."

Mkojo na kizazi kushuka

Kwa aliyezaa mara saba na kubeba maji kichwani miaka thelathini, misuli ya nyonga imechoka, na estrojeni iliyokuwa inaishikilia imeondoka. Mkojo unaotoka akikohoa, akicheka au akiinua ndoo hupungua kwa zoezi. Bana kama unayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, vuta ndani na juu, hesabu hadi 5, achia hesabu 5. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Wiki kadhaa zikipita ongeza hesabu hadi 10. Subiri miezi 3 kabla ya kusema halifai. Wanaoshindwa hubana makalio na mapaja, au hushikilia pumzi. Ukiweza kuongea huku umebana, unafanya sawa. Usilifanye wakati unakojoa.

Kitu kikijitokeza kama yai ukeni, kizazi kinashuka. Asikirudishe kwa majani au kitambaa. Hospitali zina pete ya kukishikilia na upasuaji. Mkojo unaotiririka mchana na usiku bila kukohoa wala kucheka huenda ni fistula, ambayo haina uhusiano na umri, na hata kama ni ya uzazi wa miaka 20 iliyopita bado inatibiwa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bila malipo.

Mifupa, presha, sukari

Mfupa hupungua kasi zaidi miaka ya kwanza baada ya kukoma, bila maumivu, hadi mama anapoteleza kisimani na kuvunjika kifundo cha mkono. Lengo ni kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa au mtindi cha mililita 250 kina 300 hivi. Ulezi una nyingi kuliko mahindi na mchele, na ukiloweka au kuuotesha kimea kabla ya kusaga unaingia mwilini vizuri zaidi. Dagaa waliwe wazima na mifupa yao. Majani ya mlonge ni mazuri. Mchicha ni wa chuma na vitamini, lakini kalsiamu yake nyingi imefungwa haitoki. Anayemeza dawa za VVU zenye dolutegravir asimeze vidonge vya kalsiamu au chuma tumbo likiwa tupu pamoja nazo: ama vyote na chakula, ama dolutegravir itangulie kwa saa 2.

Kulima na kubeba kuni hujenga mfupa, kwa hiyo hatuwaambii wanawake wa shambani "fanyeni mazoezi". Tunawaambia wapunguze uzito wa ndoo, waende mara mbili. Presha ipimwe kila nafasi inapopatikana. 140/90 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine ikabaki pale, inataka matibabu. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai.

Homoni za kumeza

Ndizo tiba yenye nguvu kuliko zote kwa joto linalomnyima mtu usingizi. Hazipatikani zahanati, ulizia hospitali ya mkoa au ya rufaa. Mwenye kizazi hupewa estrojeni pamoja na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake huotesha ukuta wa kizazi hadi kuleta saratani. Aliyetolewa kizazi hupewa estrojeni tu. Faida huzidi hatari kwa anayeanza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu akome. Hazimfai aliyewahi kupata saratani ya titi, damu kuganda, kiharusi au shambulio la moyo, mwenye ugonjwa wa ini, wala anayevuja damu ambayo haijapimwa sababu. Asiyefaa homoni asikate tamaa: zipo dawa nyingine, mojawapo gabapentini, ambazo hupunguza joto.

Ukifika zahanati

Ugumu mkubwa ni kumwambia binti wa miaka 24, au kijana wa kiume, mambo ya ndani. Akikuamkia "Shikamoo mama", itikia, kisha omba faragha na uombe muuguzi wa kike kama yupo. Anza na tarehe, kabla ya maumivu. Sema hivi:

"Mwanangu, damu yangu ya mwisho ilikuwa mwezi wa nne mwaka jana. Juzi nimeona doa. Naomba nipimwe mlango wa kizazi, presha, sukari na wingi wa damu."

Ukijibiwa ni umri tu, usigombane. Sema: "Sawa mwanangu, lakini niandikie hapa kwenye daftari langu kwamba nimeona damu baada ya kukoma." Anayetakiwa kuliandika kwa mkono wake hulifikiria mara ya pili. Kama hawapimi, omba rufaa ya kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kabla hujatoka mlangoni hakikisha karatasi ina tarehe ya damu ya mwisho, tarehe ya doa, presha ya leo na dawa zote unazomeza, za kienyeji zikiwemo. Hizo za kienyeji zitaje, hata kama zitakutia aibu. Baadhi hugombana na dawa za presha na za kisukari, na daktari asipozijua hawezi kukulinda nazo.